Naomba ushauri: niwataje au ninyamaze?

Bwana asifiwe wapendwa. Nachunga kanisa dogo hapa Kondele, Kisumu. Jumapili nataka kuwaombea kwa majina vijana wetu waliopigwa risasi kwenye maandamano. Wazee wa kanisa wanaogopa. Mmoja ameshapigiwa simu na mtu asiyejitambulisha. Mke wangu hasemi kitu, na ukimya wake ndio unaoninyima usingizi.

Namkumbuka Askofu Alexander Muge wa Eldoret. Mwaka 1990 waziri alimwonya asikanyage Busia. Akaenda, na akirudi siku hiyohiyo, tarehe 14 Agosti, akafa kwa ajali barabarani. Lakini yeye alikuwa askofu, mimi nina waumini 60 na mabati ya mkopo!

Mliopitia haya, mlianzaje? Nizione familia kwanza?