Naomba ushauri: kuchagua mbegu ya uwele inayostahimili joto

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nalima uwele kwenye maweni (ardhi ya mawe) ya Micheweni, Pemba. Jua likiwa kali wakati wa kuchanua, masuke mengi hubaki na mapengo, ila machache hujaa punje mpaka nchani. Hayo ndiyo nayataka yawe mbegu.

Shida ni kwamba uwele hutoa sehemu za kike kabla ya chavua yake (unga wa kiume wa ua), kwa hiyo hupokea chavua ya mmea wa jirani: mama namjua, baba simjui. Nikilifunika suke kwa mfuko wa karatasi lijichavushe lenyewe, kizazi hudhoofika na mavuno hushuka. Na ustahimilivu wa joto hubebwa na jeni nyingi.

Je, nichanganye mbegu za masuke mangapi ili kizazi kisidhoofike? Na suke lililochanua mapema, kabla ya jua kali, nitajuaje kwamba limestahimili joto, halikulikwepa tu? Wataalamu na wazee wa shamba, nisaidieni tafadhali.