Uzi maalumu: Laptopu za gemu na joto la prosesa, tupeane uzoefu

Mzawa wa Tabata

Wakuu, habari za majukumu.

Nina mashine niliyonunua Kariakoo ikiwa imetumika, prosesa Intel i7-9750H, kadi ya picha GTX 1660 Ti, RAM GB 16. Muuzaji aliiwasha pale dukani, AC inapuliza mgongoni, tukacheza gemu la mpira dakika tano, mambo safi, nikalipa. Kufika nyumbani, saa mbili usiku, mwezi wa pili, madirisha wazi na bado jasho linachuruzika, nikafungua Warzone, lile gemu la vita. Kama dakika kumi na mbili hivi picha ikaanza: inakwenda, inaganda, inakwenda. Feni zinalia kama mashine ya kusaga. Nikafungua HWiNFO, programu ya kusoma joto, prosesa inasoma digrii 98, na kuna kiini (core) kimoja cha prosesa kimeshagonga 100. Pale juu ya kibodi, karibu na kitufe cha kuwashia, unaweka kidole unakitoa bila kuambiwa.

Kilichoniuma zaidi si joto, ni kasi. Chip hii turbo yake, yaani kasi inayopanda kwa muda kazi ikiwa nzito, inafika GHz 4.5. Mimi naiona inapanda 3.9, inaporomoka 2.2, inapanda tena, na kila ikiporomoka ndipo nakufa kwenye gemu. Nimelipia farasi, nimepewa punda anayekumbuka ufarasi mara mojamoja.

Naomba wenye uzoefu wa kweli, si video za mtu mwenye AC chumbani. Ulikuwa na mashine gani, ilikuwa inasoma ngapi, ulifanya nini, ikashuka hadi ngapi. Na kama uliiua, sema pia, hatutacheka sana.

Chumvi ya Mawe

Mkuu uliuziwa pasi. Ngoja waje.

Kadogoo

Joto hilo ni la kawaida. Intel wenyewe kikomo cha chip hiyo wameandika 100, ikifika hapo inajipunguza yenyewe, ikizidi sana inazima mashine. Haiungui. Yangu inakaa 95 mwaka wa tatu huu. Ifute hiyo HWiNFO ucheze gemu, utapata presha bure.

Mzawa wa Tabata

Haiungui, sawa. Mimi ndiye ninayeungua ikiganda.

Fundi Bwiru

Natengeneza laptopu hapa Mwanza mwaka wa tisa sasa, nitakuambia ninachokiona mezani.

Kadogoo hajakosea kuhusu kikomo, lakini kama mashine inafika 98 kwa dakika kumi na mbili na zamani haikuwa hivyo, kuna kitu kimeziba au kimekauka. Nne kati ya tano zinazoletwa kwangu kwa ugonjwa huu ni vumbi, na wenye nazo wengi wanabisha: "Fundi mimi nilishaipuliza."

Ukifungua kifuniko cha chini usifurahi ukiona mapanga ya feni ni masafi. Vua feni yenyewe. Pale hewa inapotokea kuna vibamba vyembamba vimepangwa kama kitana. Hapo ndipo utakuta blanketi. Si vumbi la kupuliza, ni blanketi: nyuzi za shuka, nywele, vumbi la barabarani, vimeshikana vikawa kitu kimoja cha kijivu. Ukilivuta kwa kibano linatoka zima kama kipande cha sufi. Ukiipuliza kutoka nje bila kuvua feni, unalisukuma blanketi lirudi ndani tu, wiki mbili baadaye limekaa palepale.

Mambo matatu ambayo watu wanaharibu:

Moja, unapopuliza shikilia mapanga kwa kijiti cha meno. Feni ikizungushwa na upepo kuliko ilivyoumbwa inaharibika bearingi.

Pili, zile skrubu za mabomba ya shaba yanayotoa joto kwenye prosesa zina namba, 1, 2, 3, 4. Fungua kidogokidogo kwa kupokezana na funga kwa kufuata namba. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho chuma kinakaa upande, na hapo pesti, ule uji unaopakwa kati ya chip na chuma ili joto lipite, hata iwe ya bei gani haitakusaidia.

Tatu, hili linaniudhi. Kuna mafundi wanapaka ile pesti nyeupe ya amplifaya. Halafu zile pedi laini za kijivu au za bluu zilizokaa juu ya memori za kadi ya picha wanazitupa, wanajaza pesti badala yake. Pedi ile ina unene wake, nusu milimita, milimita moja, pesti haiwezi kuziba pengo hilo. Mteja wangu mmoja alitoka kwa fundi wa namna hiyo prosesa ikiwa imeshuka vizuri tu, akafurahi. Miezi miwili baadaye skrini ikaanza chenga. Memori zilikuwa zinapikwa na hakuna aliyekuwa anaziangalia.

Mkuu wa Tabata, yako kwa kuwa ni ya mtumba na hujui imepita mikono ya nani, anza kwa kuifungua.

Nilikiona

Hapo kwenye kushikilia mapanga naomba nishuhudie.

Sikuwa na kipulizio. Jirani ana gereji ya pancha, nikasema hewa ni hewa. Kijana akachomeka mpira, akafyatua. Feni ikazunguka ikatoa mlio sijawahi kuusikia tena, kama firimbi ya refa. Na kumbe tangi la kompresa linakusanya maji, sijui kwa nini sikuwaza hilo, bodi ikapata manyunyu. Nilisubiri siku mbili kwenye mchele (msinicheke), ikawaka, lakini feni moja ikawa inayumba. Feni mpya ilinichukua mwezi na nusu kufika. Mwezi na nusu nacheza draft kwenye simu.

Mama Eliya

Wadogo zangu, mimi sichezi gemu. Nachora majengo na kutoa picha za 3D, nipo Dodoma, na laptopu za gemu ndizo zenye kadi ya picha ninayoimudu. Prosesa yangu ni Ryzen 7 5800H ya AMD. Kikomo chake ni 105, kwa hiyo ukiona 95 kwangu si msiba kama kwa Intel, ila kazi ya picha moja inaweza kukaa dakika arobaini mashine ikiwa imebanwa mpaka mwisho, haina mapumziko kama gemu.

Vumbi la Dodoma mnalijua. Nilikuwa nasafisha kila baada ya miezi minne na bado nasoma 94, 95. Aliyenifungua macho ni mwanangu wa darasa la tano. Alikuwa anacheza na vizibo vya soda, akaingiza viwili viwili chini ya miguu ya nyuma ya laptopu ili ikae kama "slaidi". Nikataka kumfokea, nikaangalia namba: 89. Kumbe feni zinavuta hewa kutoka chini, na kati ya laptopu na meza yangu ya kioo palikuwa pamebaki nafasi ya karatasi tu. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia stendi ya feni ya shilingi elfu sitini.

Baadaye nikaingia kwenye programu iliyokuja na mashine nikatoa ile hali ya nguvu zote nikaweka ya kati. Picha iliyokuwa inachukua dakika 41 ikachukua 46, joto likakaa 81. Dakika tano hizo nachemsha chai. Watu wanaogopa kupunguza nguvu kama vile wanakatwa mshahara, lakini zile asilimia za mwisho za kasi ndizo zinazokula umeme mwingi kuliko zote, na umeme wote huo unageuka joto.

Na msiweke laptopu kitandani. Godoro linaziba kila kitu.

Chumvi ya Mawe

Mama Eliya, huyo mtoto mlipe.

Yakhe wa Ruwi

Assalamu alaykum. Mie Mzanzibari, nipo Muscat kikazi.

Mtasema Oman nje kuna 45, mashine itayeyuka. Bali huku hatuishi nje. Chumbani AC imewekwa 22, na laptopu yangu nikicheza haipiti 83. Mwaka jana nikenda nyumbani Unguja mwezi wa Ramadhani, laptopu ile ile, gemu lile lile, chumba cha mama hakina AC, ndani 31 au 32. Ikawa 92, 93. Mwanzo nikadhani imeharibika safarini. Nikapiga hesabu: chumba kimezidi digrii tisa, kumi, na prosesa imezidi digrii tisa, kumi. Mashine haina pahala pa kutoa ubaridi, inavuta hewa ya chumba basi.

Kwa hiyo mtu wa Arusha akikwambia yake inasoma 80 na wewe upo Tabata unasoma 90, muulize kwanza kwao kukoje. Pengine mpo sawasawa.

Khatari khasa huku ni gari. Msiwache laptopu ndani ya gari mchana. Betri ndiyo itakayovimba, si prosesa.

Volti Chini

Mzawa, kwa i7-9750H una bahati moja ambayo wenye chip za miaka ya karibuni wengi hawana: unaweza kuipunguzia volti, kama BIOS yako (programu ya msingi inayoiwasha mashine) haijafungwa.

Kiwandani kila chip inapewa volti yenye akiba, ili hata ile dhaifu kuliko zote ifanye kazi bila kuzima. Yako ikiwa nzuri, unaweza kumpokonya akiba hiyo, kasi ikabaki ileile na joto likashuka. Programu ni ThrottleStop. Shusha millivolti 50, cheza saa nzima, shusha tena kidogo. Yangu, chip kama yako, ilikubali 120 na kwenye 135 ikaniletea skrini ya bluu. Nilipata digrii nane bila kushika bisibisi.

Ukikuta sehemu hiyo imefifia haibonyezeki, sababu ni hii: Desemba 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Graz na KU Leuven walitangaza udhaifu walioupa jina Plundervolt, mtu anaweza kuchezea volti ya prosesa za Intel akachota siri zilizohifadhiwa mle ndani. Watengenezaji wakatoa apdeti za BIOS zilizofunga mlango, na sisi wa joto tukafungiwa nje pamoja na wezi. Kwa hiyo kabla hujaapdeti BIOS, jaribu kwanza. Ila ujue mlango ukiwa wazi uko wazi kwa wote. Kama kwenye mashine hiyo una mambo mazito ya watu, pima mwenyewe.

Kama imefungwa, nenda Control Panel, Power Options, kiwango cha juu cha prosesa ukitoe 100 uweke 99. Turbo inakufa, chip yako inabaki GHz 2.6. Joto litaporomoka vibaya sana. Kwa gemu nyingi za mpira hutahisi, kwa Warzone utahisi. Afadhali 2.6 iliyotulia kuliko 3.9 inayoanguka, lakini hii ni dawa ya dharura.

Na funga fremu, yaani wekea kikomo picha ambazo gemu linatoa kwa sekunde! Skrini yako ni ya Hz 60 au 144? Watu wanaacha gemu litoe fremu 110 kwenye skrini ya 60, hamsini zote hizo ni joto la bure. Halafu kwenye laptopu nyingi prosesa na kadi ya picha wanatumia mabomba yaleyale ya shaba. Ukiipumzisha kadi, prosesa naye anapumua.

Kadogoo

Vipi metali ya maji badala ya pesti? Nasikia inashusha digrii kumi na kitu.

Fundi Bwiru

Ina galiamu, inakula alumini, na inapitisha umeme. Tone moja likidondoka pembeni ya chip umekwisha. Mashine mbili nimeletewa, zote nimezirudisha zikiwa maiti. Mwenye hela atafute PTM7950, inakaa badala ya pesti, inakuja kama karatasi, inalainika kwenye digrii 45 hivi na haisukumwi nje na joto kama pesti za kawaida. Iweke kwenye friji kwanza, vinginevyo plastiki yake haibanduki. Angalieni feki, ni nyingi.

Mzawa wa Tabata

Mrejesho, wakuu.

Ijumaa nimeweka vizibo vinne na kufunga fremu 60: kutoka 98 hadi 91. Jumamosi ThrottleStop ikakubali, nimeishia millivolti 100, ikawa 85 na kasi haianguki tena chini ya 3.5. Nikasema nimalizie leo. Nimefungua. Fundi Bwiru, blanketi nimelikuta, na ndani yake kuna mende mkavu mzima, na miguu yake yote. Pesti ilikuwa imekauka inabanduka kama rangi ya ukuta. Nimepaka pesti mpya, MX-4, nimefunga kwa namba kama ulivyosema.

Sasa hivi Warzone dakika arobaini, 77. Chumba kilekile, na joto la chumba lilelile.

Ila kuna mambo mawili. Feni ya kushoto inatoa sauti ya kr kr kr ambayo haikuwepo. Na mezani imebaki skrubu moja fupi, sijui ni ya wapi.

Fundi Bwiru

Hiyo fupi ni ya feni ya kushoto. Zima sasa hivi.