Mjadala: Ramani ikiwa ya chungwa, mitumbwi ya Kigoma izuiwe kutoka?

Mwanzisha mada: Wakuu, kikao cha mwalo wetu, hapa tunapoegesha mitumbwi Ziwa Tanganyika, juzi nusura watu wakunjane mashati. Kuna wanaotaka Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitangaza upepo mkali, chombo kisitoke, na atakayetoka atozwe faini. Mimi ramani zile za TMA nazipenda: njano angalizo, chungwa tahadhari, nyekundu tahadhari kubwa, hata asiyejua kusoma anaelewa. Faini ndiyo naipinga. Rangi mara nyingi inapakwa mkoa mzima. Kakonko nako ni Kigoma, na ziwa hawana! Kagunga mpakani na Burundi, Kalya kule kusini, mnawafungia wote kwa upepo mmoja? Na dagaa ni wa giza, tunamvua kwa taa usiku usio na mwezi. Ukifungiwa siku tatu, mbalamwezi hiyoo, tajiri mwenye chombo anadai na watoto wanadai.

Mama Katonga: Kaka, mume wangu tahadhari aliiona kwenye simu, akatoka. Karudi saa nne asubuhi hana taa wala wavu, na tajiri kamwandikia deni. Ingekuwepo faini, angepata la kumjibu tajiri: "Nimezuiwa." Hilo hamlisemi.

Fundi Ramani, Mwanga: Mama kasema kweli, ila tujue ramani inaona nini. Setilaiti ya Meteosat inaleta picha ya mawingu kila dakika 10 hadi 15. Rada inafuata matone ya mvua, kwa hiyo radi za masika inazikamata vizuri. Ule upepo wa kusini wa Mei hadi Septemba unakuja mbingu ikiwa nyeupe pe, rada haina cha kushika. Hapo tunategemea hesabu za kompyuta. Ile ya kituo cha Ulaya, ECMWF, inaikata dunia katika miraba ya kama kilomita 9. Sasa milima yetu inayoshuka mpaka majini, na upepo wake wa usiku, inamezwa humo humo. Kinachowezekana ni kupima kila mwalo kwa GPS, kuiweka mialo juu ya ramani ya utabiri, na kulikata ziwa vipande: kaskazini, kati, kusini. Tena vifaa vya kupima upepo viwe mwaloni penyewe, visiishie uwanja wa ndege.

Kitochi: Mtaalamu, simu yangu ya batani hiyo chungwa inaionaje? Na ukishafika katikati, mtandao unaokukaribisha ni wa Kongo 😂 Tundikeni bendera mwaloni kabla ya magharibi, tumalizane.

Mwanzisha mada: Mama Katonga, la tajiri sikuliwaza, nimekubali. Nyekundu, chombo kisitoke, na faini aibebe mwenye chombo, wavuvi waachwe. Chungwa nakataa mpaka ramani ikatwe vipande kama anavyosema Fundi. Bendera naiunga mkono, ila Kitochi nijibu: upepo ukikata saa mbili usiku na giza ndiyo hilo linaisha, nani ana mamlaka ya kuishusha?