Jasho la usiku kwa mama: nyungu, seji au kipimo?

Mwana wa Pangani
Habari za humu ndugu zangu. Mama ana miaka 57, ana kisukari, anameza glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari. Wiki ya pili sasa usiku analoa jasho, kanga unaweza kuikamua. Homa hana. Jirani anasema apige nyungu ya mkaratusi na mchaichai. Shangazi anasema ni kukoma hedhi, anywe chai ya seji. Nishike lipi?

MamaShani
La hedhi nalijua. Joto hupanda kifuani mpaka usoni, jasho, dakika chache limepita, na mchana pia huja. Seji ilinipunguzia kidogo. Nyungu hapana! Ule mvuke unatoa jasho tu, haugusi chanzo, na mama tayari anapoteza maji.

Nesi wa Zamu
Pole kwa kuuguza. Anakohoa? Amekonda? Jasho la usiku na kikohozi cha wiki 2, apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu ni bure hapa Tanzania, na nyingi humalizwa kwa miezi 6. Moyo kwenda mbio na kukonda huku anakula vizuri, waangalie tezi ya shingo. Ila kwa mtu wa glibenklamidi, mimi ningeanza na sukari kushuka. Mguse akiwa analoa: ngozi ni ya baridi?

Mzee wa Uwatu
Nami niulize, anatumia uwatu? Nimeuuza miaka mingi na nauamini, lakini unashusha sukari. Ukikutana na vidonge, inaweza kushuka kupita kiasi. Wateja wangu wa kisukari huwa nawauliza kwanza.

Mwana wa Pangani
Hakohoi, hajakonda. Ngozi ni ya baridi kabisa. Na uwatu anakunywa, kijiko kikubwa kila jioni, tangu mwanzo wa mwezi.

Nesi wa Zamu
Uwatu auache leo. Akilowa tena mpime sukari palepale. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anameza vizuri, mpe vijiko 4 vidogo vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akishindwa kumeza au akipoteza fahamu, usimnyweshe kitu, kimbiza hospitali.

Mwana wa Pangani
Saa tisa usiku. 3.1. Kikombe kilimtetemeka mkononi, maji ya sukari yakamwagikia kanga, nikamshikia mwenyewe. Sasa ni 5.6, anakunywa uji. Kukicha tunakwenda kliniki, na kopo la uwatu nalibeba daktari alione.