Zebaki mtoni: maabara imesema iko "chini ya 0.001". Mto ni msafi kweli?

Mafunjo (swali)
Wakuu, habari za kazi. Mto wetu upande wa Geita unapita chini ya mialo mitatu ya kuchenjulia dhahabu, halafu unaingia kwenye mafunjo kabla ya kufika Ziwa Victoria. Mialo inatumia zebaki, na marudio (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua) yanauzwa kwa wenye matangi ya sainaidi, kemikali ya sumu ya kutolea dhahabu iliyobaki, hapo jirani. Kamati ya watumia maji ilichota maji kwa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, chini kidogo ya mwalo wa mwisho. Sampuli ilifika maabara siku ya tisa. Jibu: zebaki chini ya miligramu 0.001 kwa lita. Tangu hapo, kila kikao tunaonyeshwa karatasi hiyo. Tuna fedha za kupima sampuli kama 30. Tupime nini, wapi na kwa namna gani?

Kemia_ya_Maji
Mkuu, karatasi hiyo haijasema mto ni msafi. Imesema mashine yao haioni chini ya hapo. Miligramu 0.001 ni nanogramu 1,000, na mto usioguswa na machimbo kwa kawaida una nanogramu chache tu kwa lita. Zebaki ingeweza kupanda mara hamsini na jibu likabaki lilelile.

Chupa nayo imechangia. Zebaki hung'ang'ania kuta za plastiki, nyingine hutoroka kama mvuke, na bila kihifadhi siku tisa ni nyingi mno. Maji ya kipimo hiki huchotwa kwa chupa ya kioo cha borosiliketi au ya tefloni iliyooshwa kwa asidi. Mchotaji avae glovu zisizo na poda, aelekee mkondo unakotoka, na asikanyage tope mbele ya chupa. Kihifadhi ni bromini kloraidi, mililita 5 kwa lita. Kama maabara yenu haina kipimo cha mvuke baridi (mashine inayopima zebaki ikiwa mvuke) kinachofika kwenye nanogramu, msitumie hata shilingi kwenye maji. Nendeni kwenye tope na samaki.

Tope_Laini
Naunga mkono. Zebaki husafiri imejishika kwenye chembe laini, kwa hiyo tafuteni mahali mkondo unapolegea: upande wa ndani wa kona, nyuma ya mawe makubwa, mdomo wa mafunjo. Mchanga mweupe wa katikati ya mto utawadanganya.

Vituo vitano vinatosha: kimoja juu ya mialo yote, kimoja chini tu ya mwalo wa mwisho, kingine kilomita moja chini, kingine kilomita tano, na cha mwisho kwenye mafunjo. Kila kituo toeni sampuli tatu, na kila sampuli iwe mchanganyiko wa michoto mitano ya sentimita 2 za juu tu, kwa kijiko cha plastiki. Chujeni kwa chekeche ya nailoni ya mikroni 63 (milimita 0.063) kwa maji ya hapohapo. Tieni kwenye mtungi wa kioo, kisha kwenye barafu.

Sampuli tatu si anasa. Chini ya mwalo kuna vitone vya zebaki yenyewe. Ukizungusha tope kwenye karai unaviona vinang'aa kwenye ukingo kama shanga za fedha. Kitone chenye kipenyo cha milimita 0.06, kinachopenya chekeche, kina uzito wa mikrogramu 1.5 hivi. Kikiingia kwenye nusu gramu ya tope inayopimwa, peke yake kinatoa miligramu 3 kwa kilo. Sampuli ya pembeni yake inaweza kutoa 0.3. Ukiwa na namba moja tu, hujui umepima mto au umepima kitone.

Waambieni maabara wasikaushe kwa nyuzi 105, zebaki itaondoka na mvuke. Wakaushe chini ya nyuzi 40, unyevu wapime kwenye kipande kingine, na jibu liwe kwa uzito mkavu. Kwa kulinganisha: chini ya miligramu 0.18 kwa kilo, madhara kwa viumbe wa tope hayatarajiwi sana. Juu ya 1.06 yanatarajiwa. Anzeni kituo cha chini mpande juu, ili tope mnalotibua lisifike kituo kinachofuata.

Kemia_ya_Maji
Hapo mwisho niongeze. Mkipanda hivyo na vifaa vilevile, kituo safi kinaguswa na kijiko kilichotoka kwenye uchafu, na hicho ndicho kipimo chenu cha kulinganishia. Kituo cha juu kichukuliwe siku yake, kwa kijiko na chekeche zake. Vingine vinne ndiyo mwanzie chini.

Kambale_Mumi
Samaki. Bakteria wa tope lisilo na hewa, hasa kwenye mafunjo, hugeuza zebaki kuwa ya methili, aina yenye sumu kali inayojikusanya mwilini. Hiyo ndiyo hupanda kutoka kwa wadudu hadi samaki wadogo, hadi wanaokula samaki, hadi mezani. Huongezeka kadiri samaki anavyokua, kwa hiyo msilinganishe sato wa huku na sangara wa kule. Chagueni kambale, anakaa mtoni na anakula wenzake. Sita kutoka mafunjoni na sita kutoka kijito kisicho na machimbo, wote wa urefu unaokaribiana. Pimeni urefu na uzito hapohapo. Kateni gramu 20 za mnofu wa mgongoni bila ngozi, kisha gandisheni.

Ulizeni jibu ni la uzito mbichi au mkavu. Mnofu wa samaki ni maji kama asilimia 80, kwa hiyo namba ya uzito mkavu ni kama mara tano ya ile ya mbichi. Kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo kinachotumika Ulaya kwa samaki wengi ni cha uzito mbichi.

Tena, mkiona samaki wanaelea wamekufa, msikimbilie zebaki. Yenyewe huharibu neva na uzazi polepole, samaki akionekana mzima. Vifo vya ghafla vinaelekeza kwenye sainaidi au maji kukosa oksijeni. Chupa ya maji ya kupima sainaidi ni tofauti kabisa na ya zebaki: hutiwa sodiamu haidroksaidi hadi pH ifike 12, hufunikwa isipigwe na mwanga, hukaa kwenye nyuzi 4. Kamwe msitie asidi humo, hutoka gesi ya kuua. Andikeni vifuniko kwa rangi mbili.

Mafunjo
Asanteni sana. Kwa hiyo tope 15, kambale 12, zimebaki tatu. Na hayo marudio yanayoingia kwenye sainaidi?

Kemia_ya_Maji
Hizo tatu ni za kudhibiti: tope moja na kambale mmoja wagawanywe mara mbili kwa majina ya siri, na moja iwe maji safi yaliyopitishwa kwenye kijiko na chekeche. Kabla hamjalipa, dai kikomo cha ugunduzi (kiwango kidogo kabisa mashine yao inachoona) kwa maandishi, na matokeo yao ya sampuli rejea, zile ambazo kiwango chake halisi kinajulikana. Wakipata nje ya asilimia 80 hadi 120 ya thamani halisi, tafuteni kwingine.

Marudio yenye zebaki yakiingia kwenye sainaidi, zebaki huyeyuka na kusafiri mbali zaidi. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataja kitendo hicho miongoni mwa vinavyotakiwa kukomeshwa, zebaki isipoondolewa kwanza. Nendeni na kifungu hicho kikaoni. Raundi ya kwanza mwisho wa kiangazi, ya pili, mkipata fedha nyingine, baada ya mvua za kwanza, vituo vilevile.