Pesa za simu zinatuinua au zinatumaliza? Swali toka Kibaigwa, Dodoma

Mkulima_Kongwa: Wakuu habari za jioni. Nalima mahindi na alizeti, na msimu huu karibu gunia zote nimelipwa kwa simu maana wanunuzi pale sokoni Kibaigwa hawataki tena kutembea na maburungutu. Sasa nikitoa nakatwa, nikimtumia dogo hela ya shule nakatwa, fundi trekta naye anataka niongeze na ya kutolea. Wasomi wanasema simu pesa imekuza uchumi wa nchi zetu, ni kweli jamani au wanaokua ni mitandao tu? Daftari langu linanionyesha hela inayeyukia njiani.

Wakala_Majengo: Mkuu makato yanauma sikatai. Ile tozo ya Julai 2021, kuanzia sh 10 mpaka 10,000 kwa muamala, wateja wangu walirudi kutumana hela kwa makonda wa mabasi, ikabidi serikali ipunguze asilimia 30 Septemba hiyohiyo. Ila na wewe usitoe yote! Duka la pembejeo kama lina lipa namba, yaani namba ya kulipia kwa simu moja kwa moja, malizana nao hukohuko. Na mavuno yakipamba moto kila mtu anataka kutoa, wakala wa kijijini anabaki na floti kibao kwenye simu ila droo haina hata elfu kumi, utasota.

Mdau_Uchumi: Kuna watafiti Tavneet Suri na William Jack walifuatilia kaya za Kenya, ambako M-Pesa ilianza 2007. Walichotoa 2016 kinasema kaya kama 194,000, asilimia 2 ya kaya zote za Kenya, zilitoka kwenye umaskini kwa sababu ya huduma hii, na zinazoongozwa na wanawake ndo zilinufaika zaidi. Kabla ya hapo walishaona kwamba likitokea janga, ugonjwa au mazao kufa, asiyetumia simu pesa, matumizi ya kaya yake yanashuka kama asilimia 7, ya anayetumia hayashuki, maana ndugu zake wanamtumia. Kwa hiyo mkuu faida usiitafute kwenye gunia tu.

Mama_Mvumi: Huyo hapo juu kasema kweli tupu. Mwaka ule mvua ilikata mtama ukiwa unachanua, ukakauka wote, na mwanangu akashikwa na homa usiku. Nikambipu kaka yangu Dar, haikupita robo saa meseji ikaingia, elfu 40. Nikaenda kumgongea wakala kwake, akatoka na tochi mdomoni akanihesabia noti mlangoni, nikapanda boda na mtoto mgongoni. Zamani hiyo hela ningeisubiri basi la kesho yake. Makato yapunguzwe jamani, hasa kwa sie wa elfu 5 elfu 10, lakini mtu asiniambie hii kitu haina maana.

Mkulima_Kongwa: Pole sana mama, na asante, hapo nimeelewa. Wakala, kesho naenda duka la mbegu kuulizia hiyo lipa namba. Ila fundi trekta anataka kesh tu, huyo namfanyaje?