Viumbe weupe wa kisimani Shela: je, ni aina moja au mbili?

Mwalimu wa Mkomani

Assalamu alaikum. Nafundisha biolojia hapa Lamu. Juma lililopita, tulipokuwa tukisafisha kisima cha mjomba wangu kule Shela, nilichuja ndoo kumi za maji kwa kitambaa cha shashi, kisha nikakisuuza katika bakuli jeupe. Walibaki viumbe wapatao ishirini, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, na weupe kiasi kwamba niliona vivuli vyao bakulini kabla ya kuwaona wenyewe. Baadhi walilala ubavu na kujikunja, wengine walikuwa bapa na wakitambaa polepole. Mjomba asema ni uduvi, na jirani ashikilia kuwa ni viluwiluwi vya mbu. Kwa kuwa wote ni weupe na sikuona jicho kwa yeyote, nimewaandika daftarini kuwa aina moja yenye hatua mbili za ukuaji. Je, nimekosea?

Mjukuu wa Malindi

Wa alaikumu salaam, Mwalimu. Nadhani umekosea, na kosa lenyewe ni la kale. Weupe na upofu hutuambia mnyama anaishi wapi, hautuambii ni wa ukoo gani, kwa sababu giza la chini ya ardhi huondoa rangi na macho kwa samaki, konokono na krustasia (jamii ya kamba na kaa) vilevile, kila ukoo kwa njia yake. Hata mjomba yu karibu na ukweli kuliko daftari lako, maana uduvi ni krustasia. Jirani ndiye aliyepotea: kiluwiluwi cha mbu hakina miguu.

Watazame kwa lenzi, mmoja mmoja, ukianzia mwilini. Aliyebanwa kutoka ubavuni, ndiyo sababu akalala upande, yaelekea ni amfipoda. Ana jozi saba za miguu ya kifua, na mbili za mwanzo kwa kawaida zina viganja vya kukamatia. Tumboni ana jozi tatu laini za kuogelea, kisha jozi tatu ngumu mkiani. Aliyebanwa kutoka juu kwenda chini yaelekea ni isopoda. Naye ana jozi saba za miguu, lakini mkiani hubakiwa na jozi moja tu, na matamvua yake yako chini ya tumbo, ilhali ya amfipoda yako kwenye miguu ya kifua. Wote wawili jike hubeba mayai katika mfuko ulio chini ya kifua, kwa hiyo mfuko hautawatenganisha. Utakachokitenga kwa mfuko ni kitu kingine: wale wa oda ya Thermosbaenacea, krustasia wengine wadogo wa chini ya ardhi, hubeba mayai mgongoni, chini ya gamba, na wa kundi la Bathynella, ambao ni wembamba kama uzi na hawana gamba, hawana mfuko wowote.

Fundi Visima

Mwalimu, nina swali kabla hamjafika mbali. Ndoo uliyotumia ni ileile ya kuchotea birikani, yaani katika tangi la maji la nyumbani? Nauliza kwa kuwa birika lina viumbe vyake, ndiyo maana wazee walitia visamaki humo. Jambo la pili, maji ya Shela ni ya mvua iliyonywea katika matuta ya mchanga, nayo yameelea juu ya maji ya chumvi. Ukivuta sana kwa mashine, chumvi hupanda. Andika basi kina ulichochota na ladha ya maji, na usichuje siku chache baada ya kutia klorini.

Mwalimu wa Mkomani

Nashukuru nyote, na Fundi amenikamata: ndoo ni ileile. Nimehesabu tena. Waliolala ubavu wana jozi tatu ngumu mkiani, na mmoja ana mayai manne makubwa chini ya kifua. Walio bapa wana jozi moja mkiani, iliyogawanyika kama uma. Chini ya bakuli nimeona pia vidoa vinavyorukaruka, kila kimoja kina jicho moja jekundu. Je, niwape wa kwanza jina la Niphargus, kama nilivyoona kitabuni?

Mjukuu wa Malindi

Vidoa hivyo ni kopepoda, na kwa jicho hilo ningewashuku kuwa wametoka birikani. Jamaa zao wa chini ya ardhi aghalabu hawana jicho. Waandike pembeni, usiwafute.

Jina la Niphargus liache. Jenasi hiyo ni ya Ulaya na Asia ya Magharibi. Tena ina kisa: spishi ya puteanus, maana yake "wa kisimani", iliitwa hivyo kutokana na visima vya Ujerumani, na kwa miaka mingi karibu kila amfipoda kipofu wa visima vya Ulaya akabandikwa jina hilo. Leo spishi zinazotambuliwa katika jenasi hiyo zinazidi 400, na baadhi hazikutengana mpaka DNA iliposomwa, kwa kuwa kwa umbo zafanana kama pacha. Ninyi andikeni "amfipoda" na "isopoda", mwishie hapo. Kwa walio bapa, jirani wa kulinganisha naye ni jenasi ya Stenasellus, ambayo spishi zake kadhaa zimeelezwa kutoka Somalia; mara nyingi wana wekundu hafifu wakiwa hai, basi tazama rangi kabla hawajafa.

Watie katika alkoholi ya asilimia 95 au zaidi, si formalini, kwani formalini huharibu DNA. Lebo iwekwe ndani ya chupa pamoja nao, iandikwe kwa penseli; wino wa kalamu huyeyuka.